Kabla Hujapiga Windows: Maneno kwa Mafundi wa Kompyuta wa Kariakoo

Ndugu zangu mafundi, dada zangu na kaka zangu wa steshenari, na wazee wangu mliokaa pale mbele, asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za Jumamosi.

Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu, na wote mnalijua. Mteja anakuja na kompyuta, anakwambia, "Fundi, jana ilikuwa nzima. Nimeizima, nimeiwasha, sasa hakuna kinachofunguka." Unaiwasha mbele yake. Inawaka vizuri kabisa. Picha ya nyuma ipo, alama za programu zipo, saa inatembea. Unabofya Word, kimya. Unabofya Excel, kimya. Au kinatokea kidirisha kinakuuliza faili hili ulifungue kwa programu gani, wakati ulichobofya ndiyo programu yenyewe.

Aliyewahi kupokea kompyuta ya namna hiyo naomba anyooshe mkono. Asanteni. Na aliyeimaliza kazi hiyo kwa kupiga Windows upya, yaani kufuta diski na kuweka Windows mpya? Naona mikono ni ileile, na wa kwangu umo.

Mwaka 2010 nilikuwa na kaunta ndogo hapa hapa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, chini ya ngazi. Akaja kijana wa chuo, mwaka wa mwisho, na kompyuta mpakato ndani ya mfuko wa rambo. Programu zote zilikuwa zimegoma. Nilimuuliza swali moja tu, kama ana haraka. Akasema anaihitaji saa kumi. Saa kumi nikamkabidhi mashine inayopaa, safi, mpya. Akaifungua palepale, akaangalia, akaangalia tena, akaniambia taratibu, "Kaka, utafiti wangu ulikuwa hapa juu." Ulikuwa umefika sura ya nne. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda changu mpaka adhana ya magharibi. Nilihangaika na programu za kurejesha mafaili, nikapata vipande vya kurasa visivyosomeka, kwa sababu Windows mpya ilikuwa imeshaandikwa juu ya kazi yake. Pesa yake nilimrudishia. Utafiti sikuweza.

Miezi kadhaa baadaye ikaletwa mashine nyingine yenye ugonjwa uleule, dalili kwa dalili. Safari hii sikufuta. Nikaichimba siku mbili. Nikakuta kilichoharibika ni mstari mmoja wa maandishi. Ndiyo maana niliposikia leo tunakutana nilisema nitakuja, hata kama dukani kumejaa.

Sikilizeni huo mstari ni nini. Windows haizaliwi ikijua kwamba faili linaloishia na .exe ni programu. Imeandikiwa. Ndani ya rejista yake, yaani daftari inamoweka mipangilio yake, kuna mahali panaposema: ukikutana na .exe, hiyo ni aina inayoitwa exefile. Halafu pana mahali pengine panaposema: exefile ikibofywa, iendeshe yenyewe kama ilivyo. Amri yenyewe ni fupi hivi: "%1" %*. Kipande cha kwanza kinasimama badala ya jina la faili ulilobofya, cha pili ni maelezo yoyote yanayolifuata. Basi. Kila programu unayoifungua kwa kubofya inapitia hapo.

Watengeneza virusi waliliona hilo zamani. Julai 2001 kilienea kirusi cha barua pepe kilichoitwa SirCam. Kilijificha kwenye folda ya taka kwa jina la SirC32.exe, kisha kikaubadili ule mstari ili kila programu ipitie kwake kwanza. Fikirieni nyumba ya kupanga kule Sinza, ina geti moja. Mwizi anajifanya mlinzi, anabandika tangazo getini: kila mgeni apitie kwangu. Wageni wanapita, hakuna anayeshtuka. Siku moja mwenye nyumba anamfumania, anamfukuza. Mwizi anaondoka, tangazo linabaki. Mgeni anafika, anasoma, anamsubiri mlinzi ambaye hayupo. Hakuna anayeingia tena, hata mwenye nyumba.

Sasa mnaelewa kwa nini mteja anaapa kwamba jana ilikuwa nzima. Hakudanganyi. Jana programu zilifunguka, lakini zilikuwa zinapitia kwa mwizi. Antivairasi ikamkamata, ikamfuta, ikaomba kompyuta iwashwe upya. Ilipowaka, tangazo, yaani ule mstari uliobadilishwa, lilikuwa bado getini. Miaka ile ya 2010 na 2011 zilijaa programu za uongo zinazojiita antivairasi, nyingi zikitumia mbinu hiyohiyo, na mimi nina hakika asilimia kubwa ya mashine nilizozipiga Windows kipindi kile hazikustahili.

Utaingiaje wakati kila mlango umefungwa? Ingia sefu modi, yaani Windows inayowaka na vitu vya lazima tu, ile yenye dirisha jeusi la amri. Kwenye Windows 7 unabonyeza F8 kabla nembo haijatokea. Kwenye Windows 10 na 11 unashikilia Shift huku ukibofya Restart, unafuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, mashine ikijiwasha upya unabonyeza 6. Ingia na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Kisha andika mistari miwili, mmoja baada ya mwingine:

assoc .exe=exefile

ftype exefile="%1" %*

Kila mmoja unaumalizia kwa Enter. Uzuri wa amri hizi mbili ni kwamba zimo ndani ya dirisha lenyewe, haziiti programu nyingine, kwa hiyo zinakubali hata siku ambayo kila kitu kimegoma. Washa upya kawaida. Kama tatizo lilikuwa hilo, Word inafunguka mbele ya macho ya mteja na hujagusa hata faili lake moja. Baada ya hapo ndipo unapitisha antivairasi nzuri, maana tangazo umelibandua lakini hujui mwizi aliacha nini ndani.

Angalizo moja kabla sijasahau. Kompyuta nyingi za siku hizi diski zake zimefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, na mwenyewe hata hajui. Ukiingia sefu modi au ukigusagusa mipangilio ya kuwaka inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja. Muulize kama anaikumbuka barua pepe yake kabla hajaondoka kaunta, siyo saa mbili usiku yuko ndani ya daladala la Mbagala.

Ugonjwa huu una ndugu yake ambaye anatuchanganya sana. Dada mmoja wa steshenari aliniletea mashine ya Windows 7 ambayo alama zote za mezani zilikuwa zimegeuka picha moja. Chochote alichobofya kilifunguka ndani ya Notepad, ukurasa umejaa vijialama visivyosomeka. Alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba diski imekufa. Nikafanya jaribio dogo: nikaacha zile alama za mezani, nikaingia mpaka kwenye folda ya Program Files, nikabofya faili la programu yenyewe. Likafunguka bila shida. Hapo unajua .exe ni nzima. Kilichougua ni shotikati, yaani alama ya mezani inayoelekeza kwenye programu, faili lenye mwisho wa .lnk. Mtoto wake alibofya kitufe cha kulia, akachagua kufungua kwa Notepad, akaacha alama ya "tumia hii kila mara". Tiba ilikuwa kuingia kwenye rejista, sehemu ya mtumiaji, chini ya FileExts kwenye .lnk, na kufuta kipande kinachoitwa UserChoice. Kabla ya kugusa rejista, toa nakala ya sehemu unayoigusa. Inachukua nusu dakika.

Nimekaa sana kwenye haya mawili kwa sababu ndiyo yanayotufanya tufute kazi za watu bure. Lakini siku hizi siyo kila kugoma ni mstari wa rejista, na ndipo linapokuja suala la kuuliza. Mimi mteja akifika, kabla sijachomeka waya, namuuliza: zimegoma zote au baadhi? Zimegoma tangu lini, na kabla ya hapo ulifanya nini? Umeme ulikatika? Uliweka programu mpya? Antivairasi ilikwambia kitu? Halafu naangalia kona ya chini kulia, kwenye tarehe.

Mnacheka, lakini tarehe imeniokoa mara nyingi. Kwenye kompyuta za mezani ambazo zimekuja kutoka Ulaya zikiwa zimeshatumika miaka saba, nane, betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032, ya volti 3, huwa imeshakufa. Umeme ukikatika usiku, asubuhi mashine inawaka ikidhani ni mwaka 2009. Kivinjari kinakataa kurasa zote kikidai si salama. Programu ya uhasibu inasema leseni bado haijaanza. Mwenye ofisi anaona kompyuta yote imeharibika, na betri yenyewe unainunua kwa bei ya soda chache. Nimeona mashine iliyopigwa Windows mara tatu mwaka mmoja, na kila mara ikipona wiki moja tu, kwa sababu kila fundi alirekebisha tarehe wakati wa kuweka Windows na hakuna aliyeigusa betri.

Kama tarehe ni sawa, fungua akaunti nyingine ya mtumiaji, au tengeneza mpya, ujaribu programu zilezile. Zikifunguka huko, kwa kawaida Windows yenyewe ni nzima. Kilichougua ni wasifu wa yule mtumiaji, yaani mipangilio ya akaunti yake. Unahamisha mafaili yake kwenda akaunti mpya, kazi imekwisha. Zikigoma huko pia, jaribu sefu modi. Zikikubali kwenye sefu modi, basi kuna kitu kinachojiwasha pamoja na Windows kinazikaba, mara nyingi antivairasi mbili zinazogombana. Unaingia msconfig, kidirisha cha Windows cha kuchagua vinavyojiwasha, unaficha huduma za Microsoft, unazima zilizobaki, unawasha upya, unazirudisha chache chache mpaka umpate mkorofi.

Hapa kwenye kuwasha upya nina jambo. Mteja anakwambia, "Nimeizima na kuiwasha mara kumi." Mwamini, lakini jua kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima siyo kuzima tulikokuzoea. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukichagua Shut down, Windows inawatoa watumiaji na kufunga programu zao, lakini kiini chake inakihifadhi kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kasoro iliyokuwa ndani ya kiini hicho inalala nacho na kuamka nacho. Ukichagua Restart ndipo inaanza upya kweli. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima na kuwasha wiki nzima asipone, wewe ukabofya Restart mara moja ikapona. Na kinyume chake kipo: amekaa mwezi mzima anazima tu, siku ametumia Restart, masasisho yaliyokuwa yanasubiri yote yanaingia kwa mpigo. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka, programu zitachelewa kufunguka dakika kumi, ishirini. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kinachotumia mashine, uangalie diski. Ikiwa iko asilimia 100, kunywa chai kwanza.

Diski nayo ina sauti yake. Ukisikia inagonga tik, tik, tik, au kopi ya faili dogo inachukua dakika tano, acha kila kitu. Usipitishe antivairasi, usirekebishe chochote. Toa kazi za mteja kwanza. Mimi natumia Ubuntu iliyo kwenye flashi, inawaka bila kusakinishwa, naona mafaili, nayahamishia diski ya nje. Na msiishie kwenye Documents na Desktop. Programu nyingi za uhasibu huweka data zake pengine kabisa, ndani ya folda yao au moja kwa moja kwenye C. Muulize mteja anatumia programu gani, uitafute data yake, uifungue uone ina miezi yote. Duka linaweza kuvumilia kupoteza picha za harusi ya mwenye duka. Haliwezi kuvumilia kupoteza madeni ya wateja.

Umeme sina haja ya kuwasimulia, tunaishi Dar es Salaam. Ukikatika wakati Windows inaandika kwenye mafaili yake, mengine yanabaki nusu. Hapo anza na chkdsk C: /f, iikague diski, kwa sababu hakuna maana ya kupiga rangi ukuta unaobomoka. Kisha sfc /scannow, inayolinganisha mafaili ya mfumo na nakala zake nzima. Ikikwambia imeshindwa kurekebisha baadhi, ndipo unaita DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayotengeneza zile nakala zenyewe, halafu unarudia sfc. Kumbukeni hiyo DISM kwa kawaida inavuta mafaili kutoka intaneti, na ikikuta unatumia bando la simu itakumaliza. Unaweza kuielekeza ichukue kwenye flashi yako ya Windows kwa kuongeza /Source, mradi toleo liwe lilelile. Na kwa wenye steshenari: UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta, inayokupa dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu inarudisha gharama yake haraka kuliko mnavyodhani.

Kuna sababu moja hatupendi kuitaja, nami nitaitaja kwa sababu tuko wenyewe. Programu zilizovunjwa kufuli. Mteja kawekewa programu ya kuchora au ya uhasibu yenye faili la kuivunja, Windows inasasishwa, inawashwa upya, Defender, antivairasi iliyomo ndani ya Windows, inalitambua lile faili na kuliweka kizuizini. Programu haifunguki tena. Fundi anazima Defender, anarudisha faili, programu inafunguka, na mlango unabaki wazi kwa kila kirusi kinachopita kwenye flashi za wanafunzi. Najua bei za leseni zinaumiza. Lakini kwa barua, mitihani na wasifu wa kazi, LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word. Tumwambie mteja ukweli kilichomo kwenye mashine yake, achague mwenyewe. Na Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, tumwambie pia.

Labda kuna anayesema, haya yote yanachukua muda, kupiga Windows ni dakika arobaini na nalipwa. Nitakujibu kwa jambo ambalo dunia nzima ililiona. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika, zikawa zinaanguka kila zikiwaka. Ndege zilikwama viwanjani, hospitali na benki zikahangaika. Dawa iliyotolewa ilikuwa nini? Ingia sefu modi, nenda folda ya CrowdStrike iliyo ndani ya drivers, futa faili moja linaloanza na C-00000291, washa upya. Mafundi walizunguka meza kwa meza, siku kadhaa, wakifuta faili moja moja. Wakubwa wale wenye seva na nakala za kila kitu waliambiwa wafute faili moja. Sisi mama wa Tandika anatuletea mashine yenye kazi zake zote, nakala hana, na tunafuta diski nzima.

Ninachoomba tukubaliane leo ni kidogo. Kwenye risiti zetu tuongeze mistari mitatu: mteja ameeleza nini, data zake zimenakiliwa wapi, na sahihi yake kama Windows inapigwa upya. Bila sahihi hiyo, diski haifutwi, hata kama kijana wako wa kaunta ana haraka ya kufunga duka. Na hizo nakala tunazochukua, hatuzifungui kutazama picha za watu, na tunazifuta mteja akishathibitisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, nayo haijasema mafundi wa Kariakoo wamesamehewa. Mimi dukani kwangu nimeshaanza na kitabu kipya cha risiti, nimekuja na nakala chache mziangalie, mwone nilivyoipanga mistari hiyo, mrekebishe.

Sasa tuache maneno. Hii hapa mezani ni mashine ya Windows 7 ambayo nimeiharibu kwa makusudi jana usiku, ule mstari wa exefile nimeuelekeza kwa faili ambalo halipo. Ndani nimeweka kazi moja ya kurasa hamsini. Wewe mdogo wangu mwenye shati la bluu, ulinyoosha mkono mara mbili. Njoo uiwashe, na ukifika kwenye nembo uwe umeshaanza kubonyeza F8.